Nyimbo Alizobeba, Majina Aliyoacha

Machi 3

Mvua ya kwanza imenyesha leo na mume wangu ameondoka nayo. Hakuondoka kimyakimya. Tangu tuanze kazi ya kupiga muziki kwenye harusi hajawahi kufanya jambo bila kipaza sauti, ndiyo maana mji mzima unamwita Spika. Majirani wote wamesikia kwamba anahamia kwa mwanamke mwenye saluni. Amebeba nguo zake, miksa mpya, na ile diski nyeusi yenye nyimbo zetu zote. Kompyuta ameniachia kwa sababu ni nzito na feni yake inakoroma.

Nikamwuliza, "Na kazi?"

Akasema, "Kazi ni yangu, bibie. Wewe ulikuwa unabonyeza tu."

Unabonyeza tu. Maneno hayo nimeyaandika hapa, ili siku nikianza kumkumbuka vizuri nije niyasome.

Machi 4

Nimewasha kompyuta. Programu ya muziki imefunguka kama kawaida, majina yote yapo, maelfu kwa maelfu, ila pembeni ya kila wimbo kuna alama ya mshangao. Nikibofya inaniambia: Faili haijapatikana. Je, ungependa kuitafuta?

Ningependa, ndiyo. Nimezima.

Machi 5

Mvua. Nimelia, nimefua, nimelia tena kidogo kwa kumalizia.

Machi 8

Nimemwita fundi wa simu wa hapo kona, ambaye kompyuta pia anazijaribu. Sikumpenda. Aliingia na viatu vyenye tope, akatazama skrini, akatafuna kalamu, akasema, "Dada, hapa ni kufuta yote uanze upya. Nyimbo hazipo. Haya ni majina matupu."

Nikamwambia asiguse kitu. Majina matupu! Ngoja nieleze, maana hata yeye ilibidi nimweleze. Mimi kwenye hii programu sikuandika wimbo unaitwaje, niliandika unafanya kazi gani. Kuna "Shangazi Ainuke". Kuna "Wanaoongea Wanyamaze". Kuna "Keki Ikatwe Haraka Umeme Haueleweki". Wimbo mmoja wa bibi harusi kuingia nimeuweka mara tatu: wa ukumbi mfupi, wa ukumbi mrefu, na wa bibi harusi ambaye viatu vinambana. Na kila wimbo nimeuwekea mkato, mahali pa kuanzia, pale unapokolea, maana hakuna mkwe mwenye subira ya kusikiliza gitaa likijikuna. Miaka yote Spika akiwa mbele anapunga mikono, mimi nilikuwa nyuma na vitu hivi.

Fundi akafungua kitu kimoja, akafunga, akafungua kingine, kisha akaanza kucheka peke yake.

"Dada, haya majina na hiyo mikato yako vimo ndani ya programu, humu kwenye kompyuta. Kwenye faili zenyewe hakuna neno. Huko mzee aliko akichomeka ile diski anaona 01, 02, 03, halafu 01, 02, 03 tena, mpaka kiyama."

Kwa hiyo yeye ana nyimbo asizozijua na mimi nina majina yasiyolia. Nimecheka hadi nikashika ukuta. Fundi naye si mbaya sana, tatizo ni viatu.

Machi 15

Ujumbe kutoka kwa Spika, bila hata salamu: "Nitumie orodha."

Nikajibu: "Nitumie nyimbo."

Mvua imepiga mchana kutwa.

Machi 21

Wifi yangu amekuja, mdogo wake Spika, huyu tunayemwita Kiherehere kwa sababu hajawahi kusubiri maji yachemke. Anaolewa mwisho wa Mei. Nilifikiri ametumwa na kaka yake, nikakaa kwenye kiti huku nimekaza uso.

Akasema, "Wifi, harusi yangu utapiga wewe."

"Mpe kaka yako, ndiye mwenye nyimbo."

"Kaka ataongea katikati ya kila wimbo. Atanitangaza kama mechi ya mpira. Tena juzi alipiga harusi ya watu, bibi harusi anaingia, ukatoka wimbo wa watoto kuruka kamba. Nilikuwepo! Wifi, sitaki. Nataka wewe."

Nikamwambia sina hata wimbo mmoja unaolia. Akasema, "Mpaka Mei utakuwa nazo," kana kwamba ninazipanda shambani. Nimekubali. Nimekubali nikiogopa, maana ukumbi ule watakaa ndugu wote wa Spika, na Spika mwenyewe. Nikishindwa mbele yao, nimekwisha katika mji huu. Nitabaki yule aliyekuwa anabonyeza tu.

Machi 22

Fundi amenishauri niziteremshe upya kwenye mtandao. Nimejaribu. Nyingi hazimo. Zilitoka kwenye kaseti za watu, kwenye sahani za santuri za bendi zilizovunjika kabla Kiherehere hajazaliwa. Mtandao hauzijui.

Machi 29

Nilikuwa zahanati kwa ajili ya kifua. Muuguzi ananipima, ananitazama, anacheka. "Hunikumbuki? Ulipiga harusi yangu. Flashi yako ninayo mpaka leo, nikigombana na mume wangu naisikiliza jikoni kwa sauti ya juu."

Flashi! Nilitaka kumbusu na kile kipimo chake cha homa mdomoni mwangu. Desturi yangu mimi, si ya Spika. Yeye aliiita upotevu wa flashi. Kila bibi harusi, baada ya sherehe, nilimpelekea nyimbo za siku yake kwa mpangilio uleule, ndani ya flashi yenye utepe. Miaka yote hiyo nilikuwa ninazisambaza nyimbo zetu kwenye makabati ya wanawake wa mji huu. Mwizi aje aibe makabati yote, tuone.

Aprili 2

Nimenunua buti za mvua.

Aprili 6

Muuguzi: flashi nzima, safi. Mwenye duka la vitambaa, ambaye ameshaachika: "Chukua, shoga yangu. Kwenye ile ndoa nilitoka na hiyo na jiko la gesi, na jiko limeharibika." Mwalimu wa hesabu: amefuta nyimbo zote akaweka mitihani. Nimemsamehe, lakini si leo.

Aprili 9

Mvua. Barabara ya sokoni imekuwa mto. Nimepata flashi nyingine kwa mshona nguo, ameifunga kwenye mfuko wa plastiki pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wake.

Aprili 14

Siku njema kuliko zote tangu Machi. Nilichomeka flashi ya muuguzi, nikabofya alama ya mshangao kwenye "Bibi Harusi, Ukumbi Mrefu". Faili haijapatikana. Je, ungependa kuitafuta? Nikaionyesha ilipo. Alama ikaondoka, wimbo ukaanza palepale nilipoukata zamani, hata pumzi haikupotea. Nikasimama peke yangu katikati ya chumba nikapiga vigelegele.

Halafu programu ikaniuliza kama ningependa itumie folda hiyo kutafuta na nyimbo nyingine. Ndiyo, mama, tena ufanye haraka! Nikabonyeza Ndiyo. Nikafanya hivyo kwa kila flashi. Alama za mshangao zikafutika ukurasa kwa ukurasa. Nimelala kama mtoto.

Aprili 18

Aibu yangu leo itasimuliwa kwa vitukuu.

Mkuu wa posta anastaafu. Sherehe ndogo, watu wachache wenye tai, nikasema nijaribu mitambo kabla ya harusi. Mzee yule ana goti bovu na heshima nyingi. Mlango ukafunguliwa, nikabonyeza "Mzee Aingie kwa Heshima". Ukatoka ule wa watoto kuruka kamba. Mzee wa watu, masikini, akafikiri ndivyo utaratibu ulivyo, akaruka. Mara moja tu. Walimdaka.

Nikazima, nikabonyeza "Wanaoongea Wanyamaze", ukatoka wimbo wa kukata keki na wahudumu wakaileta keki mbio. Nikabonyeza "Keki", kikatoka kilio cha kuaga bibi harusi na mke wa mkuu wa posta akaanza kulia kwelikweli. Nikang'oa kebo. Tumemaliza sherehe kwa hotuba.

Kabla sijafika nyumbani Spika alishatuma ujumbe: "Nasikia umemrusha mzee wa watu. Tuzungumze."

Hatuzungumzi.

Aprili 19

Fundi amekuja, safari hii ameacha viatu mlangoni bila kuambiwa. Akachunguza, akaguna.

"Faili zako zote ni 01, 02, 03. Kila flashi ina 01 yake. Programu ilipotafuta 01, ilichukua 01 ya kwanza iliyokutana nayo. Uliibonyezea Ndiyo?"

"Niliibonyezea."

"Bila kusoma?"

"Wewe unasomaga?"

"Hata mimi sisomi," akasema.

Dawa ni moja: kurudisha nakala ya programu ya kabla ya ile Ndiyo, alama za mshangao zirudi zote, kisha nisikilize kila wimbo kwa masikio yangu na kuuonyesha jina lake mmoja mmoja. Fundi akasema ni kazi ya kichaa. Nikamwambia anionyeshe pa kuanzia.

Aprili 20

Mvua. Nasikiliza.

Aprili 21

Mvua. Nasikiliza. Umeme umekatika nikiwa kwenye gitaa tamu.

Aprili 24

Leo nimegundua kwamba wimbo ninaouita "Wanaume Waache Sahani" unaongelea mtu aliyefiwa na ng'ombe. Miaka yote hiyo watu wanaucheza huku wanafurahi.

Aprili 30

Kiherehere alikuja na mchumba wake, kijana mpole wa kupima ardhi. Nilimwona mzigo, kumbe ana sikio zuri kuliko Spika. Akasikiliza nyimbo mbili zinazofanana nilizokuwa ninazichanganya tangu asubuhi, akasema, "Huu mwingine ngoma yake imechelewa kidogo." Kweli. Ule wa viatu vinavyobana. Nimemwambia wifi asimwache huyu.

Mei 6

Mama mkwe amekuja na mwavuli wake mkubwa. Mimi na yeye tulikuwa tunapendana kwa adabu tu. Kwake Spika ni malaika aliyecheleweshwa na marafiki wabaya. Akakaa, akakataa chai, akatazama skrini ambako nusu ya majina sasa yamepona na nusu bado yanashangaa.

"Na ule wangu unao?"

Nilijua atauliza. Ni wimbo uliotoka kwenye kaseti yake ya usichana, na katika ukoo wao hakuna binti anayeolewa bila huo: unapigwa wakati mama anamshika binti mkono kwa mara ya mwisho kabla ya kumwachia. Mimi niliuandika "Mama Amwachie". Huo hatukuwahi kuwapigia wateja, na mabinti wa ukoo waliolewa kabla sijaanza desturi ya flashi, kwa hiyo hakuna flashi hata moja katika mji huu iliyo nao. Kaseti ilishaliwa na ukungu. Upo kwenye diski ya Spika tu.

"Sina, mama."

"Basi rudianeni. Mwanamke hajengi nyumba kwa hasira."

"Aliyehama ni yeye, mama. Mimi nipo humuhumu."

Akakunja mwavuli, akaukunjua. "Mimi baba mkwe wako aliniacha nikamrudia. Akaniacha tena nikarudi. Watu walisema nina moyo mkubwa." Akasimama, akaenda mpaka mlangoni. "Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama nilikuwa nimechoka."

Akaondoka kwenye mvua hajaaga. Nimekaa nikitazama kile kiti. Kumbe sikuwahi kumjua.

Mei 11

Kazi tu. Mvua imepungua, matope hayajapungua.

Mei 17

Spika amekuja.

Amepiga hodi kama mgeni, mkononi ana diski nyeusi, shati limepigwa pasi na mtu mwingine. Nitasema ukweli, roho ilinishtuka. Mtu umeishi naye, mwili haujui kwamba mmeachana.

"Sikuja kugombana," akasema. "Nimekuja kwa ajili ya mdogo wangu. Harusi ya familia si mahali pa kujaribia mitambo. Nasikia nyimbo zako hazijatimia."

Kabla sijajibu akainama, akachomeka diski, kebo yake anaijua. Kompyuta ikakoroma. Nikafungua programu, na mbele ya macho yangu alama za mshangao zikaanza kuondoka zenyewe. Zote. Nikateremsha ukurasa, nikateremsha tena, hakuna hata moja. Maktaba yangu nzima imesimama kama sikuwahi kuachwa. Nilijisikia vibaya kwa jinsi nilivyofurahi.

"Unaona?" akasema taratibu, kwa ile sauti yake isiyohitaji kipaza. "Mimi na wewe tukiwa pamoja hakuna kinachokosekana. Nitapiga mbele, wewe utakaa nyuma kwenye raha yako. Jina kwenye bango ni lilelile. Na mimi nitakuwa ninapita hapa nyumbani."

"Unapita?"

"Mambo ya saluni nayo hayawezi kukatika ghafla, mke wangu. Uwe muelewa."

Nikatafuta "Mama Amwachie", nikaubonyeza. Ukalia. Sauti ya mwanamke yule imechakaa kwa kaseti lakini inakushika shingoni. Ningeweza kuuvuta huo mmoja tu ndani ya kompyuta, ni jambo la kufumba na kufumbua. Kidole kilikuwa juu ya kipanya. Nikawaza uso wa mama mkwe, nikawaza ukumbi. Lakini mimi huyu mtu ninamjua. Ukimpa shukrani moja anajenga ghorofa juu yake.

Nikageuka nimwambie hapana, ndipo nikaona simu yake. Ameinyanyua kifuani, anapiga picha orodha ya majina yangu kwenye skrini. Ukurasa, anasubiri niteremshe. Ukurasa.

"Unafanya nini?"

"Kumbukumbu tu."

Sikupaza sauti. Nimeishi na spika miaka yote, najua kelele haisaidii. Nikabonyeza pale pa kuondoa diski kwa usalama, nikasubiri kompyuta iniruhusu, maana nyimbo hazina kosa. Nikaichomoa nikamwekea mkononi. Nyuma yangu alama za mshangao zikarudi, nyingi kama siafu.

"Una kiburi," akasema.

"Ninacho. Na hicho hukukibeba."

"Siku ile utaaibika mbele ya watu."

"Nitaaibika kwa jina langu. Toka."

Ametoka. Sijui nitamwambia nini mama mkwe, lakini ningeulizwa tena ningefanya vilevile.

Mei 18

Nimejuta asubuhi yote. Mchana nimeacha.

Mei 23

Nimemaliza flashi zote. Bado kuna alama nyingi, na nyingine hazitapona, nimezizoea. Nyimbo za harusi ya wifi zipo, isipokuwa ule mmoja. Nimemtumia mama mkwe ujumbe: "Mama, wimbo wako sikuupata." Hajajibu.

Mei 25

Harusi. Naandika nikiwa bado na gauni.

Mvua ilirudi mchana, kama nayo ilialikwa. Ukumbi ulijaa, upande wa ukoo wao wote macho kwangu. Spika alikaa meza ya mbele na diski yake mezani karibu na glasi, kila apitaye aione. Nilibonyeza "Ukumbi Mrefu". Kiherehere akaingia, kwa mara ya kwanza maishani hakukimbia. Nikabonyeza "Shangazi Ainuke", na mashangazi wakainuka, mmoja na mkongojo. "Wanaoongea Wanyamaze", wakanyamaza. Hakuna aliyeruka ambaye hakupaswa kuruka. Mkuu wa posta alikuwepo, akanipungia mkono, nikataka kulia.

Halafu ikafika zamu ya mama. Mama mkwe akasimama katikati ya ukumbi, amemshika binti yake mkono. Wakanitazama. Nikachukua kipaza sauti.

"Wimbo huu sina," nikasema. "Uko mezani kwa mtu, na bei yake nimeikataa."

Nikasikia minong'ono, nikamsikia Spika akivuta kiti. Akainuka na diski yake juu, anatabasamu kwa watu, anakuja kuwaokoa. Mama mkwe alikuwa amenifikia kabla yake. Akanyoosha mkono nikampa kipaza sauti. Sijui ni akili gani iliyonituma, mkono wangu mwingine ukabonyeza kurekodi.

"Kaa chini, mwanangu," akamwambia Spika, ukumbi mzima ukasikia.

Akakaa.

Kisha mama akaimba. Sauti yake si nzuri, tuseme kweli. Ilikwaruza, ilipanda pasipostahili, mstari wa pili aliusahau. Meza ya mashangazi wakamshikia pale alipoangusha, halafu meza ya nyuma, halafu wanawake wote wa ukoo wao walioolewa kwa wimbo ule, kila mmoja kwa mahadhi yake. Kiherehere akalia hadi wanja ukafika kidevuni. Alipomwachia mkono, hapakuwa na haja ya mimi kubonyeza chochote.

Mei 26

Leo jua limetoka. Nimefungua kompyuta kabla ya kunywa chai. "Mama Amwachie", na alama yake ya mshangao. Nikabofya.

Faili haijapatikana. Je, ungependa kuitafuta?

Nikaionyesha ya jana. Programu haikubisha, alama ikaondoka. Ila wimbo ukataka kuanza mbele, palepale nilipoukata ule wa kaseti, ukaruka mwanzo wote. Nimeufuta mkato. Sasa unaanza unapoanza: mtu anakohoa, mama mkwe anasema, "Kaa chini, mwanangu," kiti kinaburuzwa, ndipo mama anaimba.

Nimeuacha hivyo.